Mto Niliomshonea Ezra

Nina miaka ishirini na tatu. Nilisoma hadi darasa la nane nikaishia hapo, kwa sababu Mama alifariki na hapakuwa na wa kunipeleka mbele. Naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie, wasomaji wenzangu. Jambo ninalotaka kuwaeleza nimelibeba miaka minne, na nilipojaribu kulisema kwa mdomo, mdomo ulikataa muda mrefu...

Tangu utotoni mimi si mtu wa maneno. Wageni wakija nyumbani nilijificha nyuma ya mlango. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilijua jibu, lakini lilikwama kooni hadi mwingine akalisema. Nilipokuja Nairobi, watu wa ploti yetu, vyumba vya kupanga hapo Mashimoni, Kibera, wakanipa jina. Wakaniita Bubu.

Hata shemeji yangu Jotham, mume wa dada, aliniita hivyo kwa mzaha.

"Bubu, leo umeongea maneno matatu," aliniambia tukila. "Pole pole, usije ukaugua!"

"Wachana na ndugu yangu," Dada Rispa alimjibu. "Yeye anaweka akiba."

Tulicheka sote. Hata mimi nilicheka. Ningejuaje kwamba kimya cha mtu kinaweza kumuumiza mwingine?

Dada Rispa ndiye aliyenilea baada ya Mama kufariki. Alikuja nyumbani, huko magharibi, akanichukua, akanileta kwenye chumba chao kimoja. Alitundika pazia katikati. Upande mmoja walilala wao, upande mwingine nikalala mimi. Sijawahi kumsikia akisema nimekula sana au nimekaa sana. Nawaambia hivi ili mjue nilimkosea mtu wa aina gani.

Sasa niwaambie kuhusu naftalini.

Nyote mnaijua. Ni zile tembe nyeupe za mviringo zinazouzwa barabarani pamoja na sumu ya panya. Mama aliziweka ndani ya sanduku lake la bati, katikati ya mashuka ya wageni na gauni lake la kanisa. Sanduku likifunguliwa mwezi wa Disemba, harufu ilijaa nyumba nzima, nasi tukajua Krismasi imefika! Mjini nilizikuta kila mahali. Watu huziweka kwenye kabati la vyombo kufukuza mende. Huziweka ndani ya viatu. Kwenye choo cha ploti yetu zilikuwa zimening'inizwa kwa waya. Nimeona hata mtu akizitia kwenye gunia la maharagwe. Kwetu sisi harufu ile ilikuwa harufu ya usafi, harufu ya mtu anayejali vitu vyake. Ni nani angeiogopa?

Nilipofika miaka kumi na minane nilipata kazi Kawangware, kwenye kituo kinachoitwa 56, kwa fundi wa mito na magodoro tunayemwita Baba Njeri. Yeye ni mwenyeji wa pale, na ploti tuliyofanyia kazi aliachiwa na babake. Nilikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Kazi yangu ilikuwa kukatakata sponji, kujaza mito na kushona mdomo wa mto.

Sponji mpya hatukuitumia sana. Tulitumia mabaki, yale yanayotolewa kwenye makochi yaliyozeeka. Sponji hizo zimekaliwa miaka mingi. Zina harufu ya jasho, na mara nyingine zina kunguni. Siku yangu ya kwanza Baba Njeri alinionyesha siri ya kazi. Alichukua tembe tatu za naftalini, akazisaga kwa jiwe juu ya kipande cha gunia, akachanganya ule unga na sponji.

"Hii ndiyo manukato ya fundi wa mito," alisema. "Mteja akinusa, anaona ni mpya. Kunguni akinusa, anahama."

Nikamuuliza, mteja akitaka kujua kilichomo ndani je?

Alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Nani atakuuliza ujibu? Unafikiri nilikuandika kwa nini?"

Basi mwaka ukapita, nikashona mito mingi sana. Sikuona mtu aliyedhurika. Pua yangu ikaizoea ile harufu hadi nikaacha kuisikia.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, Dada Rispa alipata mimba ya tatu. Nasema ya tatu kwa sababu alikuwa amepoteza watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili aliishi siku moja tu. Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kabla hajazaliwa, ni kama kumwita mauti aje aone ulichoandaa. Kwa mama aliyepoteza, mwiko huo ni mkali zaidi. Kwa hivyo miezi tisa ilipita bila hata soksi moja kuingia nyumbani.

Dada alikuwa pia na kiapo chake mwenyewe. Wale watoto wawili walikuwa wamefunikwa vitu vya kuazima, na moyoni aliamini bahati mbaya ilitokea huko. Alisema huyu akija akiwa hai, hatalalia kitu kilicholaliwa na mtu mwingine. Kila kitu kitakuwa kipya.

Ezra alizaliwa akiwa hai! Alilia kwa nguvu, akakojolea mkono wa mkunga. Jotham alirudi ploti akikimbia na kupiga mlango wa kila jirani. Nilikwenda kumwona Dada hospitalini. Alikuwa amechoka lakini uso wake uling'aa. Akaniambia niiname karibu.

"Wewe ni fundi, ama sivyo? Mshonee mjomba wako mto," alisema. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Kakiwa kadogo kama mkate ni sawa. Lakini sponji mpya. Umenisikia? Mpya."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilimwomba Baba Njeri sponji mpya. Akasema hakuna, itafika Jumatatu. Dada alikuwa anatoka hospitali siku hiyohiyo jioni! Ningefanya nini? Leo najua. Ningemwambia Dada, sponji itafika Jumatatu, subiri. Maneno machache tu. Lakini niliona aibu kwenda mikono mitupu siku ambayo kila mtu alikuwa akileta kitu.

Nikachagua mabaki yaliyokuwa meupe zaidi, ya kiti ambacho hakikuonekana kukaliwa sana. Nikayakatakata madogo madogo. Nikachukua kitambaa kipya chenye picha za bata. Na kwa kuwa niliogopa Dada asije akasikia harufu ya kiti, nikasaga naftalini. Kwenye mto mkubwa wa mteja tulitia tembe tatu. Kwenye ule mdogo nilitia nne... kwa sababu ya upendo! Naapa mbele yenu, ilikuwa ni upendo.

Jioni Dada aliupokea kwa mikono miwili. Akaunusa.

"Ghai, kananukia kama sanduku la Mama," alisema. Machozi yakamtoka.

Nikamwambia ni kitambaa, kilikaa sana dukani. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la uongo. Akakubali. Akavua foronya, akaifua, akaianika, akaivalisha tena. Sponji yenyewe hakuigusa. Kwa nini aiguse, na ndugu yake alikubali itakuwa mpya?

Siku ya tatu macho ya Ezra yalikuwa ya manjano. Mama Sharon, jirani yetu, alisema watoto wengi huwa hivyo. "Mtoe kwa jua la asubuhi, itaisha." Dada akawa anamtoa kwenye jua la asubuhi, akimweka juu ya ule mto wenye bata. Siku ya tano rangi ilishuka hadi miguuni. Akaacha kunyonya. Mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Wakamkimbiza hospitali.

Walimlaza chini ya taa za buluu, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa. Nilipeleka uji kwenye thermosi. Nikasimama mlangoni pa wodi kwa sababu niliona haya kuingia kati ya akina mama wanaonyonyesha. Sista, muuguzi wa wodi, alikuwa amesimama karibu na kitanda akiandika. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Alimuuliza Dada maswali mengi, kisha akauliza hili.

"Nyumbani mnatumia naftalini? Zile tembe nyeupe za nguo? Kwa kabati, kwa blanketi, kwa kitu chochote kilicho karibu na mtoto?"

"Hapana, sista," Dada alisema. "Vitu vyake vyote ni vipya. Nguo nimefua na mikono yangu."

"Uko na uhakika? Nauliza kwa sababu kuna watoto ambao damu yao inavunjika wakivuta hiyo harufu."

"Uhakika kabisa. Hata mto wake umeshonwa na huyu ndugu yangu. Sponji mpya." Akaninyooshea kidole, kwa fahari, mbele ya akina mama wote.

Sista akageuka, akanitazama. Wodi nzima ilinitazama.

"Ni ukweli, kijana? Hakuna naftalini?"

Wasomaji wenzangu... nilijua jibu! Lilikuwa hapa kooni, kama zamani shuleni. Lakini ningelisema vipi? Kusema naftalini ni kusema sponji ni ya kiti kilichozeeka. Ni kusema nilimdanganya Dada, aliyeapa mbele ya Mungu kwamba mtoto wake hatalalia kitu cha mtu. Ni kusema hayo yote mbele ya watu wale, wakinitazama.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ni ukweli.

Sista akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nikaweka thermosi chini, nikaondoka.

Msidhani sikuwa na moyo. Njiani nilikuwa nikilia. Nilijiambia, nitarekebisha kimya kimya, hakuna atakayejua na mtoto atapona. Nilifika nyumbani, nikafumua mshono wa ule mto. Nikamwaga sponji yote juu ya karatasi. Nikakung'uta ule unga mweupe hadi sikuuona tena. Nikaanika sponji juu ya bati la nyumba mchana kutwa, hadi mawingu yalipokuja. Nikainusa. Sikusikia kitu. Lakini pua ya fundi wa mito inaweza kusikia naftalini? Muuza samaki anasikia samaki?

Nikairudisha ndani, nikashona kwa uzi uleule, mshono uleule, nikaurudisha mto pale ulipokuwa.

Kwa nini sikuutupa? Mtaniuliza, nami nimejiuliza mara elfu. Sikuutupa kwa sababu Dada angeuliza mto uko wapi! Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Niliogopa swali moja la dada yangu kuliko nilivyoogopa kifo cha mtoto.

Chini ya zile taa Ezra alipata nafuu. Umanjano ulipungua, akaanza kunyonya. Madaktari walifurahi. Sasa naelewa kwamba alipona kwa sababu kule hospitalini hakuwa na mto wangu. Jumamosi wakamruhusu. Jotham alinunua soda za ploti nzima, na Dada aliimba wimbo ambao Mama alikuwa akituimbia. Akamlaza Ezra juu ya mto wenye bata, shavu lake dogo likaingia ndani ya sponji.

Nilisimama kando ya pazia, nikamwomba Mungu. Nilimwomba Mungu afanye kazi ambayo mdomo wangu ungefanya.

Siku nne baadaye Ezra alilia kilio ambacho sijawahi kusikia. Kilikuwa chembamba, kikali, kama cha ndege. Alikuwa wa manjano kuliko mara ya kwanza. Mgongo wake ulipinda kwa nyuma kama upinde. Dada alimbeba akatoka mbio bila viatu, na Jotham nyuma yake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba na ule mto mbele yangu.

Nikauficha ndani ya jaketi, nikaenda jaani, nikautia moto. Ulitoa moshi mzito, na ndani ya moshi ule ndipo niliposikia harufu. Sanduku la Mama! Ilikuwa mle muda wote, mimi tu sikuisikia. Nilipiga magoti kwenye takataka nikatapika.

Walimbadilisha Ezra damu yote mwilini. Hakufa. Daktari mmoja alimweleza Dada kwamba mtoto ana aina ya damu ambayo watu wengi wanaotoka sehemu za malaria wanayo bila kujua. Mama humpa mtoto wa kiume. Si kosa la mtu, na mwenye nayo anaweza kuishi hadi uzee bila shida, mradi asikutane na vitu fulani. Akataja naftalini tena. Dada akasema tena, hapana daktari, sisi hatuna. Safari hii sikuwepo mlangoni. Nilikuwa nimekaa nje chini ya ukuta, kwa makusudi, ili nisiulizwe.

Daktari akasema basi hajui ni nini kilichoamsha ugonjwa.

Na kwa kuwa hakuna aliyejua, watu wakatafuta. Mama mkwe wa Dada alifika kutoka nyumbani na mfuko wake wa unga na kuku. Aliposikia habari ya damu inayotoka kwa mama, alikuwa amepata alichokitaka.

"Watoto wawili kaburini, wa tatu nusura," alisema mbele ya majirani. "Nilikuambia mapema, Jotham. Kwa hiyo nyumba kuna kitu. Mwanangu analima shamba la mawe."

Jotham mwanzoni alimkatalia mamake. Lakini neno likisemwa kila siku linaingia. Alianza kukaa kimya. Kisha akaanza kurudi nyumbani amechelewa. Kisha akahamia kwa rafiki yake karibu na mtaa wa Ayany. Akawa anapita mara moja kwa wiki kuleta unga, na hakai hata kunywa chai.

Dada hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe! Aliamini ni maziwa yake. Kuna siku nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia Ezra, "Unisamehe, mwanangu, nilikupa damu mbaya." Nami nilikuwa nimelala upande wa pili wa kile kitambaa, hatua moja kutoka kwake, na ukweli wote kifuani mwangu. Sikusema.

Aliniuliza mto ulienda wapi. Nikasema panya waliutoboa, nikautupa. "Sawa, utamshonea mwingine," alisema. Mnaona aliniamini vipi?

Ezra alipokuwa na miezi minane, kifuniko cha sufuria kilimponyoka Mama Sharon kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Mtoto wa Mama Sharon aliruka akaanza kulia. Ezra, aliyekaa palepale, aliendelea kucheza na kijiko chake. Dada akamtazama. Akaokota kifuniko, akakiangusha tena nyuma ya kichwa chake. Akakiangusha mara ya tatu. Ezra hakugeuka.

Hospitali walisema ule umanjano ulipanda hadi kichwani, ukaharibu kusikia. Hakuna dawa.

Hata hapo, wasomaji, hata hapo sikusema! Nilijiambia, nikisema sasa itasaidia nini? Masikio yatarudi? Mwaka ukapita, na mwingine nusu. Ezra akaanza kutembea, kisha kukimbia. Alikuwa akinipenda kuliko watu wote wa ploti. Nikirudi kutoka Kawangware alinirukia miguuni. Nadhani ni kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tukikaa pamoja bila maneno.

Kisha jioni moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikila ugali na sukuma wiki. Watoto walikuwa wakicheza uani, mpira wao ukaingia kwetu. Mkubwa wao akapiga kelele, "Bubu! Bubu, leta mpira!"

Nikainuka kwa mazoea. Wakacheka.

"Si wewe," yule mtoto alisema. "Bubu huyu." Akamnyooshea Ezra kidole.

Jina langu lilikuwa limehama. Lilikuwa limempata yeye, naye hakuliomba, wala hakulisikia. Mimi ninao ulimi, nikachagua kunyamaza, na mtoto huyu ndiye aliyebebeshwa!

Niliweka sahani chini, nikaingia ndani. Dada alikuwa anafua nguo kwenye karai. Nilimwambia yote bila kupumzika. Kiti, sponji, tembe nne, sista, mshono niliofumua, moto wa jaani. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani mwangu.

Hakupiga kelele. Aliendelea kusugua shati lilelile. Kisha akauliza, bila kunitazama.

"Siku ile sista alikuuliza, ulimsikia vizuri?"

"Nilimsikia."

"Haukuwa umechanganyikiwa? Labda kelele ya wodi?"

Alikuwa akinitafutia njia ya kutokea, hata wakati ule. Dada yangu!

"Nilimsikia vizuri, Dada."

Akakamua shati. Akalikamua hadi hapakuwa na tone, na bado akaendelea kulikamua.

"Naftalini ningekusamehe siku hiyohiyo," alisema. "Hata mimi nimeiweka kwa kabati ya vyombo miaka yote. Sponji ya kiti ningekusamehe. Lakini uliniacha niite damu yangu mbaya. Miaka miwili na zaidi. Ulikuwa unanisikia nikilia?"

Nikasema nilikuwa nikisikia.

"Toa vitu vyako kwa nyumba yangu."

Nilitoka na mfuko mmoja. Lakini kabla ya kwenda kutafuta pa kulala, nilipita karakana ya Jotham, anakochomelea milango ya chuma, nikamwambia yote palepale mbele ya wenzake. Alikuwa ameshika nyundo. Aliinua mkono, nikafumba macho nikisubiri. Niliposikia nyundo ikianguka chini nikafumbua. Alikuwa ameketi juu ya mlango ambao haujamalizika, akilia kama mtoto.

"Nilimwacha mke wangu," alisema. "Nilimwacha kwa sababu ya nini, Bubu? Ya mto?"

Wiki hiyo alirudi nyumbani. Nilisikia alipiga magoti mbele ya Dada, na kwamba alimpigia mamake simu akamweleza ukweli. Mama mkwe hajawahi kuomba msamaha, lakini ameacha maneno yale. Sina la kumwambia. Mimi ni nani wa kumfundisha mtu?

Sasa naishi chumba kimoja Kawangware. Baba Njeri nilipomweleza alisema watu wote wa hapa wamelalia mito hiyo na hakuna aliyekufa, niache uoga. Niliacha kazi yake. Nashona mwenyewe kando ya barabara, mito michache, na mteja akifika namwambia sponji ni ya nini na imetoka wapi, kabla hajauliza. Wengine hununua, wengine huondoka.

Dada alikaa mwaka mzima bila kuniona. Halafu mwaka huu alinitumia neno kupitia Mama Sharon, kwamba Jumamosi naweza kuja kumwona Ezra. Naye haongei nami. Hunikaribisha chai, huiweka mezani, hutoka. Ezra ana miaka minne na ameanza shule ya watoto wasiosikia. Mwalimu wao anasema kila mtu hupewa jina la ishara ya mkono, kutokana na kitu chake mwenyewe. Ezra ndiye huyapanga majina ya nyumbani. Mamake ni kidole kinachogusa kishimo cha shavu. Babake ni mikono inayofunika macho, kama fundi anayejikinga na cheche.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza kwa ishara chache ninazozijua, mimi je? Akafikiri kidogo. Akabana kidole gumba na cha shahada, kama mtu aliyeshika sindano, akavuta uzi usioonekana kwenda juu, mara mbili. Kisha akacheka, akaniegemea.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Aliiona ile ishara. Akachukua mtungi akaenda kuteka maji, ingawa nilikuwa nimeona mtungi umejaa.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaotoka kwetu magharibi na mlionusa harufu ile tangu utotoni! Nawasihi. Nguo na mablanketi yaliyokaa na naftalini msimfunike mtoto mchanga. Yafueni, yaanikeni juani siku nyingi, na kama hamna hakika yawekeni mbali kabisa. Msitie naftalini kwenye godoro lake, wala kwenye kabati la vitu vyake. Msiiamini pua yenu kama mmeizoea. Na msiziache tembe zenyewe chini, mtoto akadhani ni peremende. Kunguni na mende ni aibu ndogo, zinaisha.

Na wewe kijana mwenye haya kama mimi, unayesimama mlangoni ukiwa na jibu kooni... ukiulizwa, jibu. Jibu hata kama sauti inatetemeka, hata kama watu wote wanakutazama, hata kama utafukuzwa. Watu wengi hufanya makosa bila kujua, na hakuna anayewauliza hadi wamechelewa.

Mimi niliulizwa.